Kuuelekeza Moyo Kabla ya Kufungua Maandiko

Swali: “Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, na huu ni mwaka wa pili ninaongoza mafundisho ya Biblia katika jumuiya yetu kila Jumatano jioni. Biblia nimeisoma mara mbili kutoka Mwanzo hadi Ufunuo. Hata hivyo nimeona jambo linalonitisha. Nikisoma onyo lolote, anayenijia akilini ni wifi yangu, ambaye hatujasemezana tangu matanga ya baba mkwe kwa ajili ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, huko Old Moshi. Nikisoma neno zuri, nalikimbiza kwenye daftari la somo ili Jumatano niwape wenzangu. Mwisho wa yote mimi mwenyewe sibaki na kitu. Watu husema tusome kwa unyenyekevu. Je, moyo unaandaliwaje ili usome hivyo?”

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nililisoma asubuhi, nikaliweka, nikalirudia jioni, kwa sababu ugonjwa unaoueleza niliuugua mimi mwenyewe kwa miaka mingi nikiwa nimevaa kola ya uchungaji, na sikutaka kukujibu kwa haraka kama mtu anayewapa wengine dawa ambayo yeye hajawahi kuinywa. Nitaanza na mtu mmoja wa Agano la Kale ambaye kazi yake ilifanana sana na yako.

Ezra alikuwa kuhani na mwandishi, mjuzi wa sheria ya Musa, aliyepanda kutoka Babeli kwenda Yerusalemu katika mwaka wa 7 wa mfalme Artashasta. Sura ya 7 ya kitabu chake, mstari wa 10, inasema kwamba Ezra “alikuwa ameuelekeza moyo wake” kuitafuta sheria ya Bwana, na kuitenda, na kufundisha katika Israeli. Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa hapo kuwa “kuelekeza” hutumika pia kwa kitu kinachosimamishwa imara kisiyumbe, kama kiti cha enzi. Kwa hiyo huyu mtu aliyekuwa na elimu yote ya Maandiko hakuutegemea ujuzi wake kuwa ndio utakaomweka mahali pa kusikia. Aliushika moyo wake akauelekeza, kama mtu anavyougeuza uso wake kumtazama anayesema naye. Tazama tena mpangilio wa vitenzi vile vitatu: kutafuta, kutenda, kufundisha. Wewe unatafuta, na kwa kweli unatafuta kwa bidii, kisha unaruka hadi kufundisha. Hatua ya katikati ndiyo inayokosekana, na ndiyo hatua ambayo Neno humkuta msomaji mwenyewe akiwa hana mtu wa kujificha nyuma yake.

Nilipokuwa mchungaji kijana, katika usharika mmoja wa mlimani, nilihitilafiana na mzee mmoja wa kanisa kuhusu fedha za ujenzi. Wiki ile nilisoma Maandiko kuliko wiki nyingine yoyote, lakini nilisoma kama mtu anayechagua fimbo. Nikaipata Mithali 16:18: “Kiburi hutangulia uangamivu, na roho yenye kutakabari hutangulia maanguko.” Jumapili nikahubiri kwa nguvu, macho yangu yakiwa kwenye benchi la tatu alikokaa. Baada ya ibada, wakati mkungu wa ndizi na mayai ya sadaka vikinadiwa uwanjani, mzee yule alinijia, akavua kofia, akasema, “Mchungaji, leo Neno limenikuta. Nimekuwa na kiburi kwa mke wangu miaka mingi, na leo nikifika nyumbani nitamwambia.” Hakugusa habari ya ujenzi hata kidogo. Mstari nilioutupa kama jiwe yeye aliupokea kama mkate, na mimi niliyekaa nao siku sita nilirudi nyumbani mtupu. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba unyenyekevu wa msomaji hauonekani katika sauti ya upole wala katika kuinamisha kichwa. Unaonekana katika swali moja tu, yaani ni nani anayeruhusiwa kuwa wa kwanza kuambiwa.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Mzazi akisema, “Mtoto huyu hasikii,” hakuna jirani anayemshauri ampeleke kwa daktari wa masikio. Kila mtu anaelewa kwamba mtoto anasikia sauti lakini hafanyi alivyoambiwa, na ndiyo maana wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika Kiswahili kusikia na kutii vinakaa nyumba moja. Ndivyo ilivyo pia katika Kiebrania: lile neno linalofungua ungamo kuu la Israeli katika Kumbukumbu la Torati 6:4, “Sikia, Ee Israeli,” linabeba kusikia na kutii kwa pamoja. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, kitenzi cha kutii kimejengwa juu ya kitenzi cha kusikia, kikiongezwa kiambishi chenye maana ya “chini”, kana kwamba mtii ni mtu anayesikiliza akiwa amekaa chini ya yule anayesema. Basi unapoomba moyo mnyenyekevu wa kusoma, unaomba masikio ya mtoto anayesikia kwa maana ile ya nyumbani. Yesu anasema jambo hilohilo katika Yohana 7:17, kwamba mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, atajua habari ya mafunzo. Utayari wa kutenda unatangulia, na kuelewa kunafuata. Sisi wasomi wa Biblia, walimu na wachungaji, tumezoea kudai kinyume chake: nieleweshe kwanza, kisha nitaona kama nitatenda.

Nataka nikae kidogo na wafalme wawili, baba na mwana, kwa sababu sijaona mahali pengine katika Biblia ambapo jambo hili limewekwa wazi namna hii.

Baba ni Yosia. Katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake, mafundi wakitengeneza nyumba ya Bwana, kuhani mkuu Hilkia alikiona kitabu cha torati, na Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme. Habari hiyo imo katika 2 Wafalme 22. Yosia alikuwa mfalme mwema tayari. Hekalu lilikuwa likitengenezwa kwa amri yake. Angeweza kabisa kusema kwamba kitabu kile kiliwahusu baba yake na babu yake, ambao walikuwa wameabudu sanamu waziwazi. Lakini aliposikia maneno ya kitabu aliyararua mavazi yake, akatuma wajumbe kwa maneno ambayo nakuomba uyatazame kwa karibu katika mstari wa 13: wakamwulize Bwana kwa ajili yake mwenyewe, na kwa ajili ya watu, na kwa ajili ya Yuda yote. Yeye kwanza, watu baadaye, taifa mwisho. Kisha wajumbe wale, pamoja na kuhani mkuu mwenyewe, wakaenda kwa nabii mwanamke, Hulda, mke wa Shalumu mtunza mavazi, wakamsikiliza. Jibu alilotumiwa mfalme lilisema wazi kwamba amesikiwa kwa sababu moyo wake ulikuwa mwororo naye akajinyenyekeza.

Mwana ni Yehoyakimu. Yeremia 36 inamweka ndani ya nyumba ya wakati wa baridi, mwezi wa 9, moto ukiwaka mbele yake, na mtu aitwaye Yehudi akimsomea gombo la maneno ya Yeremia. Kila kurasa tatu au nne zikiisha kusomwa, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote limekwisha. Hakurarua mavazi yake, na mwandishi wa kitabu anahakikisha tumelijua hilo katika mstari wa 24. Kitenzi kinachotumika kwa mavazi ya Yosia yaliyoraruliwa ndicho hichohicho, katika Kiebrania, kinachotumika kwa gombo lililokatwa na Yehoyakimu. Mmoja alilisikia Neno akajirarua yeye. Mwingine alilisikia akalirarua lenyewe. Na katika chumba kile cha Yehoyakimu alikuwamo Gemaria, mwana wa Shafani yuleyule aliyemsomea Yosia, akimsihi mfalme asiliteketeze gombo, wala hakusikilizwa. Malezi, nasaba na kuishi karibu na vitabu vitakatifu havikumpa mwana moyo wa baba.

Mimi na wewe hatuna kisu cha mwandishi wala moto wa makaa mbele yetu, lakini tunakata. Tunakata tunaposema, “Mstari huu ni wa wifi.” Tunakata tunapouchukua mstari mzuri ukiwa bado wa moto na kuuweka katika daftari la somo kabla haujatugusa mkono. Gombo halionekani kuungua, nasi tunaendelea kuitwa wasomaji hodari.

Unaweza kuniuliza: je, hakuna wakati Neno linamhusu mwingine kweli? Upo. Samweli alipokuwa kijana hekaluni alifundishwa na mzee Eli kusema, “Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia,” na ujumbe aliopewa usiku ule, ujumbe wake wa kwanza kabisa, ulikuwa juu ya nyumba ya Eli na ulikuwa mzito. Lakini angalia alivyofanya. Alilala mpaka asubuhi, akafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida yake, naye aliogopa kumwonyesha Eli maono yale, alisema alipolazimishwa. Nimejifunza kulipima neno langu la kuwaonya wengine kwa hofu ile ya Samweli. Onyo ambalo nina hamu ya kulifikisha, ambalo ulimi unaniwasha kulisema, mara nyingi sijapewa mimi nilifikishe.

Sasa nije kwenye kuandaa kwenyewe. Mtu aliyekulia katika miteremko ya Kilimanjaro anaujua mfongo, ule mfereji uliochimbwa na wazee kuyatoa maji katika vijito vya juu na kuyafikisha vihambani. Ninakumbuka siku za kuusafisha mfongo: watu wanatoka alfajiri na majembe, kila nyumba inatoa mtu, na kazi yenyewe haina fahari yoyote, kwa maana ni kuzoa matope, kutoa majani ya migomba yaliyooza, kuondoa jiwe lililoporomoka, kuziba mahali palipotobolewa na fuko. Hakuna mtu katika kazi hiyo anayetengeneza maji. Maji yanatoka juu na yangekuwapo hata kama sisi sote tungelala. Lakini mfongo ulioziba utapitisha maji yaende bondeni, na migomba yako itakauka huku ukiyasikia yakivuma. Nakuambia hili ili usiuone unyenyekevu kama hali ya moyo unayopaswa kujikamulia kabla Mungu hajakubali kusema nawe. Luka 24:45 inasema kwamba Bwana mwenyewe ndiye aliyewafunulia wanafunzi akili zao wapate kuyaelewa Maandiko. Kufunua ni kwake. Kazi yetu ni matope, na Yakobo anaitaja kwa namna iyo hiyo katika sura ya 1, mstari wa 21: wekeni mbali uchafu, kisha mpokee kwa upole neno lile lililopandwa ndani.

Matope yako mimi ninayaona mawili, na nitayasema kwa upendo. La kwanza ni haraka. Mtu anayetoka shuleni saa kumi, akapita sokoni, akapika, akafungua Biblia kwenye simu huku ujumbe wa kikundi ukiingia juu ya kioo, hana kosa la kutokuwa na muda. Ila asishangae kwamba anasoma kama anayepita njiani. Simu haina dhambi, na Biblia iliyo ndani ya simu ni Biblia. Zima data, basi, kwa dakika ishirini, au chukua kitabu cha karatasi na simu ibaki chumba kingine. 

Katika usharika wangu mmoja kulikuwa na bibi asiyejua kusoma hata herufi moja. Jioni, baada ya chakula, alinawa mikono kwa mara ya pili, akajifunga khanga safi, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, na mjukuu wake wa darasa la tano akamsomea kwa taa ya kandili. Siku niliyokuwapo zilisomwa aya za Luka 18, Farisayo na mtoza ushuru. Mtoto alipofika pale mtoza ushuru alipojipigapiga kifua, bibi akanyosha kidole: “Rudia hapo.” Mtoto akarudia. “Rudia tena.” Mara ya nne bibi alikuwa amefumba macho na mkono wake ulikuwa juu ya kifua chake mwenyewe, na sidhani kama alijua kwamba mimi bado nimekaa pale. Nilikuwa nimehitimu chuo cha theolojia, nikiweza kusoma mfano ule katika Kigiriki, na sikuwahi kuusoma hivyo.

Kutoka kwa bibi yule nimechukua mazoea matatu ambayo sijayaacha. Ninaandaa mwili, hata kama ni kwa kunawa mikono tu, kwa sababu moyo hufuata mikono mara nyingi kuliko tunavyokiri. Ninasoma kwa sauti, maana jicho huruka maneno lakini mdomo hauwezi. Na ninasoma kidogo: mistari kumi, mingine mitano, na ninarudia. Wewe umekwisha kuisoma Biblia nzima mara mbili, na hilo ni jema. Mwaka huu usiisome yote. Kabla hujaanza, sema maneno ya Zaburi 119:18 kama ombi lako, “Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako,” na uyaseme polepole, kwa sababu anayeomba afumbuliwe macho amekiri kwamba bado haoni.

Tope la pili ni lile daftari la somo. Lifunge. Usomaji wako wa kila siku na maandalizi yako ya Jumatano yawe vitu viwili, kwa siku tofauti ikiwezekana. Unaposoma kwa ajili ya nafsi yako, mstari unaokugusa usiuandike popote kwa siku hiyo, uache ukae. Na wifi akikujia akilini, kama atakavyokujia, usipigane na wazo hilo wala usijilaumu, bali ligeuze liwe sala: mtaje kwa jina mbele za Mungu, mtakie heri anayoihitaji, kisha rudi kwenye mstari na ujiulize, “Mimi nilifanya hivi lini mara ya mwisho?” Lini, nasema, maana swali la “je, nimefanya?” hupata jibu la hapana kwa urahisi sana, lakini “lini” hudai siku na mahali.

Kuna upande mwingine wa unyenyekevu ambao hauhusu dhambi zetu, unahusu ujinga wetu, na huo tunausahau. Towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa mtu mkubwa, msimamizi wa hazina ya malkia, na alikuwa na nakala yake ya Isaya ndani ya gari lake. Filipo alipomwuliza kama yamemwelea hayo anayoyasoma, alisema, “Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?” Akamkaribisha apande, aketi naye. Mtu mwenye cheo akamwambia mgeni aliyemkuta akitembea kwa miguu kwamba hajui. Wewe ni kiongozi wa jumuiya, na najua jinsi ilivyo vigumu kwa kiongozi kusema mbele ya wanajumuiya, “Mstari huu siuelewi, nitauliza.” Useme hata hivyo. Biblia tunayoishika imepitia mikono mingi hadi kutufikia: mmisionari Krapf alianza kutafsiri sehemu zake Mombasa katika miaka ya 1840, Askofu Steere akafanya kazi yake Unguja, na tafsiri ya Union Version, ambayo wengi wetu tumekaririshwa, ilitoka kamili mwaka 1952. Maneno yake mengine yamekuwa magumu kwa watoto wetu, na mengine yanaeleweka vibaya kwa sababu mazungumzo ya leo yameyabadilisha. Weka kando yake Biblia Habari Njema, linganisha, na ukiona zinatofautiana sana, hapo ndipo pa kumwuliza mchungaji wako au mwinjilisti wa mtaa. Petro mwenyewe, katika waraka wake wa pili, alikiri kwamba katika nyaraka za Paulo yamo mambo yaliyo vigumu kuelewa.

Na kama utakutana na kurasa zinazokukwaza, usidhani uko peke yako. Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, ambaye mafundisho yake yamelijenga Kanisa lote la Magharibi, alisimulia mwenyewe kwamba alipoyasoma Maandiko ujanani aliyadharau. Alikuwa amefunzwa ufasaha wa Cicero, msemaji maarufu wa Warumi, na Biblia ya Kilatini ya siku zake ilimwonekania kama maneno ya watu wasiosoma. Baadaye alieleza sababu: mlango wa Maandiko ni wa chini, naye hakuwa mtu wa kuinamisha shingo apite. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla hajabatizwa, mwaka 387. Luther naye, aliyeitafsiri Biblia nzima kwa Kijerumani na kuifundisha miaka zaidi ya thelathini, aliacha kikaratasi alichokiandika Eisleben Februari 1546, siku chache kabla ya kufa, na ndani yake aliandika kwamba sisi ni waombaji, na hiyo ni kweli. Mwombaji hachagui chakula mlangoni pa watu, lakini pia hatoki mikono mitupu katika nyumba ya mwenye ukarimu. Ninapofungua Biblia asubuhi nalikumbuka neno hilo kuliko vitabu vyote alivyoandika.

Hapa ni lazima niweke tahadhari, maana unyenyekevu umewahi kutumika vibaya katika makanisa yetu, na wanawake wameumizwa nao zaidi. Kusoma kwa unyenyekevu hakumaanishi kukubali kila tafsiri ya kila anayeshika kipaza sauti. Waberoya katika Matendo 17:11 wanasifiwa kwa mambo mawili katika sentensi moja: walilipokea lile neno kwa uelekevu wa moyo, na waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na aliyekuwa akichunguzwa ni mahubiri ya Paulo mwenyewe. Unaliona lile neno la Ezra limerudi, moyo ulioelekezwa, na safari hii limekaa pamoja na uchunguzi bila kugombana. Uliza maswali yako yote. Mariamu alimwuliza malaika, “Litakuwaje neno hili?” kabla ya kusema, “Tazama, mimi ni mjakazi wa Bwana.” Ninachokuomba ni kwamba baada ya kulihoji andiko, ukubali nalo likuhoji wewe.

Nimebakiza habari ya wifi yako, nayo sikuiweka mwisho kwa sababu ni ndogo. Bwana anasema katika Mathayo 5:23-24 kwamba mtu akileta sadaka madhabahuni na akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza apatane na ndugu yake. Hasemi “ukikumbuka kwamba una neno juu ya ndugu yako”. Anasema ndugu ana neno juu yako. Umeniandikia unachomdai wifi. Sijasoma popote anachokudai yeye, na nadhani kipo, maana alizaliwa katika kihamba kile, amemzika baba yake pale, na wewe ni mke uliyeletwa. Simaanishi kwamba ana haki ya mpaka. Mpaka una wazee wa ukoo, na wakishindwa lipo baraza la kata. Waachieni kazi hiyo na msiichanganye na hii ninayokuambia.

Nyumbani kwetu Uchagani mtu aliyemkosea mwenzake, akitaka amani, humpelekea jani la mmea uitwao isale. Hapeleki hoja, hapeleki mashahidi, wala haanzi kueleza nani alianza. Anashika jani tu, na anayeletewa anajua anaombwa nini, na ni aibu kubwa kulikataa. Mmea huohuo ndio wazee waliupanda kuwa alama ya mipaka ya vihamba, kwa hiyo sina shaka kwamba pale mnapogombania wewe na wifi yako masale, yaani mimea hiyo ya isale, yamesimama, labda tangu siku za babu yake mume wako. Panda Old Moshi Jumamosi hii. Mwambie mume wako kwanza, asisikie kwa watu. Biblia iache nyumbani, na yale uliyoyasoma juu yake usimwambie. Kata jani moja pale pale mpakani, uende nalo hadi mlangoni kwake, ubishe hodi, na umwache yeye aanze kusema. Jumapili jioni ufungue Luka 18, mstari wa 9 hadi wa 14, usome kwa sauti, na ukifika kwa yule aliyesimama mbali, urudie hapo.